Picha za nebula bila kulenga ncha ya anga

Ndugu, umeuliza kama ukiwa Dar es Salaam, ambako Nyota ya Kaskazini haichomozi kamwe, unaweza kupiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, kwa stendi yenye mota inayosogeza darubini juu, chini na pembeni tu. Unaweza, na nakusihi usiharakishe kununua stendi ya ikweta, ile inayolengwa kwenye ncha ya anga (pointi ambayo nyota huonekana kuizunguka), mara nyingi kwa msaada wa Nyota ya Kaskazini. Stendi yako itaifuata nyota uliyoilenga, lakini anga huzunguka taratibu ndani ya fremu, na nyota za pembezoni hujipinda kama mistari mifupi. Kasi ya mzunguko huo hutegemea upande unaoelekea: kaskazini na kusini, karibu na upeo wa macho, hufikia takriban nyuzi 15 kwa saa, ilhali mashariki na magharibi kamili hukaribia sifuri. Ndiyo maana Nebula ya Orioni, inayochomoza karibu mashariki kamili, inakufaa mno jioni za Desemba na Januari. Piga picha nyingi za sekunde 10 hadi 20, kisha uziunganishe kwa Siril, programu ya bure inayozigeuza hadi zilingane, na ukate kingo zilizobaki. Nebula hiyo ikikaribia utosini, juu kabisa ya kichwa chako, simamisha kazi, kwa kuwa hapo mota hushindwa kuifuata.