Ukitaka vipepeo, anza na mlimao

Wengi hununua maua ya rangi kali, kisha wanashangaa bustani inang'aa na hakuna kipepeo anayetua. Rangi humwita, lakini anachofuata ni nekta (maji matamu ya ua) anayoweza kuifikia. Boganvilia inadanganya: zile "petali" za zambarau ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kimrija chembamba cha katikati. Waridi na zinia zilizojaa petali tabaka kwa tabaka nazo hazifai sana, kwa kuwa nekta imefunikwa. Chukua zinia za safu moja ya petali, ambazo kitovu chake cha njano kinaonekana wazi.

Kwa maoni yetu hakuna ua linaloishinda pentasi, kichaka kifupi chenye vishada vya maua madogo kama nyota, tena ni mmea wa huku huku Afrika Mashariki. Kata kipandikizi cha sentimita 10 kwenye tawi lisilo na maua, ondoa majani ya chini, acha jozi mbili za juu, kisha kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Usiruhusu kukauka. Kikishatoa mizizi, baada ya wiki tatu au nne hivi, kihamishie juani. Panda mitano au zaidi pamoja, nafasi ya sentimita 45, kwa sababu shina moja moja lililotawanyika kipepeo hulipita tu. Pentasi ya kivulini hurefuka na kutoa maua machache. Jua la muda wa saa sita kwa siku ndicho kiwango chake. Mwagilia chini ya shina asubuhi, na zinia vivyo hivyo, maana majani yakilala na maji hushikwa na magonjwa ya ukungu.

Lantana nayo huvuta vipepeo, ila usiipande. Ndege husambaza mbegu zake hadi mashambani na majani yake ni sumu kwa mifugo.

Sasa mlimao. Maua hulisha kipepeo mzima tu. Watoto wake wanataka majani, na kila aina ina mmea wake. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya mlimao, mdimu au mchungwa. Kiwavi mchanga anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndiyo maana watu humfuta bila kujua. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hadhuru mtu. Mche mdogo viwavi wachache huumaliza, kwa hiyo panda miwili au mitatu uwahamishe.

Dawa ya wadudu usinyunyize kabisa, hata maji ya mwarobaini, kwani huzuia viwavi kujibadilisha ngozi. Vidukari kwenye pentasi waondoe kwa maji ya kasi.

Vipepeo wengine hawana habari na maua. Watundikie sahani ya ndizi au embe lililoiva kupita kiasi, mahali penye kivuli chepesi, na ipake grisi kamba ili sisimizi wasipite. Badilisha tunda kila baada ya siku mbili.