MASWALI YA WASOMAJI: Daftari limejaa "mkaidi", niandike nini?

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Mi nasomesha darasa la 3 huku Pemba, upande wa Wete, watoto 64. Nnaye mmoja ameshapimwa hospitali, wazazi wakaambiwa ana usonji (autism). Hesabu ndo usiseme, anawapita wenziwe, lakini mara huziba masikio akajitupa chini ya dawati akalia mpaka somo linasimama. Mwalimu mkuu kaniambia nimuangalie wiki 2 niandike mwenendo wake, basi nikifungua daftari naona "leo mkaidi", "leo kachafuka", halinisaidii kitu. Niandike nini hasa?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu, na ahsante kwa kutompa bakora mtoto huyu. Hilo neno "mkaidi" hukuliona kwa macho, ni hukumu yako. Andika kile ambacho hata mtu anayepita dirishani angekiona.

Gawa ukurasa mara tatu: kabla, alichofanya, baada. Mfano: "Saa 3 na dakika 20. Rimu ya kengele imegongwa, wenziwe wamenyanyuka wote kwa pamoja. Kaziba masikio, kaingia chini ya dawati, kalia dakika 6. Nikamvuta mkono, kelele zikazidi. Nikamwacha, akanyamaza." Umeona hapo na wewe umo? Jiandike, tena bila ya haya, maana wengi wetu tunaandika ya mtoto tu kumbe mkono wetu ndo uliozidisha, na pale kwenye "kabla" ndo pa kukaa sana, andika mvua kwenye mabati, mwalimu mgeni, kipindi kilichobadilishwa ghafla, na muulize mamake kalala vipi usiku, hasa Ramadhani ambapo nyumba nzima inabadilisha saa za kula na kulala.

Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alitumia kuangalia na kuandika hivi hivi, na miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba kelele kubwa zinawatisha na wanataka mambo yabaki vile vile. Kengele ya skuli inafanya yote mawili kwa mpigo mmoja.

Watoto 64 huwezi kumkodolea macho mmoja siku nzima, na yeye mwenyewe atajihisi. Chagua dakika 10 asubuhi na 10 baada ya mapumziko. Jambo fupi linalojirudia lihesabu, tia komwe za bao mfuko wa kulia, kila likitokea hamishia moja wa kushoto, hakuna atakayejua. Jambo refu tazama saa. Akiwa analia mtulize kwanza, kalamu baadae. Andika na nyakati alizotulia, alikuwa wapi, karibu na nani, anafanya nini. Na akijitikisa tikisa bila kumuumiza mtu wala kujiumiza mwache, pengine ndo anavojituliza.

Daftari usiliache mezani, jina lake usiandike, na wazazi wajue unaandika.

Ukiona kengele inajirudia usingoje wiki 2 ziishe. Kesho mwambie dakika 2 kabla haijagongwa, mkalishe mbali na lile dirisha la upande wa rimu, kisha endelea kuandika uone zile dakika 6 zinakuwa ngapi.