Mvinyo wa boksi bado unachoma ulimi kama soda

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Dada yangu aliniletea kutoka Uingereza boksi la kutengenezea mvinyo mwekundu, lita 23. Umeshaacha kuchachuka, na pakiti zote nimetia, hadi ile ya kusafisha. Wiki mbili sasa una ukungu, yaani haujawa mwangavu, na ukionja unachoma ulimi. Mume wangu anataka niutie kwenye friji. – Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Dada, friji iache kwanza. Mvinyo ukipoa hushikilia gesi zaidi. Joto la Dar, ambalo huwatesa wengi wakati wa kuchachusha, hapa linakusaidia.

Hamira ikila sukari hutoa pombe na kabonidayoksaidi, na sehemu ya gesi hiyo hubaki imeyeyuka humo. Mvinyo unaokaa miezi kwenye pipa huipoteza taratibu. Wa boksi umepangiwa wiki chache tu, basi inabidi uitoe mwenyewe. Hata ukungu wako nadhani unatokana na hiyohiyo: vipovu vinapanda na chembe ambazo dawa ya kusafisha inajaribu kuzishusha.

Kwanza hakikisha hamira imelala kweli. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa mvinyo ukilinganishwa na maji, siku tatu mfululizo. Ikikaa palepale chini ya 0.998, endelea. Izungushe haidromita kidogo ndani ya mvinyo kabla ya kusoma, maana vipovu huing'ang'ania na kuinyanyua. Nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo mvinyo wa nyuzi 30 utasomeka pungufu kama 0.002. Hilo lisikusumbue.

Sasa koroga. Mwiko mrefu wa plastiki uliotakaswa unatosha, ila mkono utauma. Mwenye drili na fimbo yake ya kukorogea atapona. Punguza kiasi kwanza, la sivyo povu litamwagika sakafuni. Drili iende polepole, sekunde chache upande huu, kisha upande mwingine. Ukiona shimo la maji linazunguka katikati, simama, hapo unaingiza hewa, na hewa huharibu mvinyo. Fika hadi chini, mashapo yapande: dawa uliyotia imo humo. Rudia asubuhi na jioni, siku mbili au tatu.

Kujua kama imetosha, jaza chupa safi nusu, ziba mdomo kwa kiganja, tikisa kwa nguvu, kisha achia. Ikisema "pfff" na kukisukuma kiganja, gesi bado ipo. Ikikaa kimya, umemaliza. Nauamini mtihani huu kuliko ulimi.

Baada ya hapo rudishia ulichopunguza, chombo kijae hadi karibu na shingo, funga kizuia hewa, usikisogeze kwa wiki mbili. Salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo, usiongeze kwa kukisia. Ukungu ukigoma kabisa, tia dozi mpya ya dawa ya kusafisha. Na usijaze chupa kabla haujatakata: kwenye stoo ya bati mwezi wa Januari, gesi iliyobaki inatosha kusukuma vizibo nje.