Taa nyekundu haitoki: maswali yenu ya pigteli na konekta

Mwezi huu barua karibu zote ni za faiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga, antena mumezisahau kabisa. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu wenye waliniuliza jambo lile lile ni wengi.

*Yaya fundi, jambo sana. Miye niko fundi wa kamera na antena hapa Katuba, sasa wateja banataka faiba, njo nikajifunza kidogo kwa rafiki. Wiki ile ingine nilifunga mu nyumba moja, pigteli, ule uzi mfupi wenye konekta, nilinunua mu muji, konekta yake iko ya kijani, adapta ya mu kisanduku iko ya bluu, lakini iliingia bien tu, ikalia ta! Sasa taa ya LOS, ile ya kusema mwanga haufiki, iko nyekundu, mita inaandika -29. Mwenye nyumba anasema miye mwizi. Nifanye nini?*

Mdogo wangu, hujaiba kitu, umechanganya rangi tu, na rangi hapa si urembo. Kijani ni APC, bluu ni UPC. Ndani ya konekta kuna kijiti cheupe cha kauri, ndio feruli, na faiba inapita katikati yake. Ya bluu imesuguliwa ncha karibu sawasawa, ya kijani imekatwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi nyuma usirudi kwa mwenye kuutuma. Sasa ukikutanisha mshazari na sawasawa hazigusani vizuri, inabaki nafasi ya hewa katikati, na mwanga unapotea desibeli kadhaa hapo hapo. Tena unaweza kukwaruza zote mbili. Ile "ta!" unayosikia ni plastiki ya SC, aina ya konekta hii, inajifunga, plastiki haijui kitu cha mwanga. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu, adapta nayo rangi ile ile, mwisho.

Na hiyo -29, ndio nguvu ya mwanga kwa desibeli, kwanza angalia mita yako umeiweka kwa urefu gani wa wimbi. Faiba za nyumbani nyingi ni GPON, mfumo wa faiba moja kugawiwa nyumba nyingi, mwanga unaokuja kwa mteja ni nanomita 1490, unaorudi ni 1310. Wengi wanaacha mita kwenye 850 jinsi ilivyotoka ndani ya boksi, halafu wanapigana na namba ya uongo. Kama uko kwenye 1490 na bado ni -29, basi ni mwanga mdogo kweli, vifaa vingi vya mteja mwisho wao ni karibu -27 au -28. Kumbuka desibeli 3 ni nusu ya mwanga, 10 ni sehemu moja ya kumi, kwa hiyo mwenye -19 anapata mwanga mara kumi kuliko wewe mwenye -29. Mimi nikiona -18 mpaka -23 naenda kunywa maji. Ikizidi nguvu nayo ni mbaya, zaidi ya -8 kifaa kinazidiwa.

Ukishabadilisha adapta usichomeke haraka, futa kwanza. Njia ya mwanga ndani ya faiba ya singo modi, ile ya nyumbani, ni maikroni 9 tu, na kioo chote ni 125. Vumbi letu hili jekundu la kiangazi, lile linaloingia mpaka ndani ya sahani kabatini, chembe yake moja inatosha kufunika ile njia yote. Nimeona fundi anavuta konekta kwenye shati lake halafu anachomeka kwa kujiamini kabisa, shati limetoka kwenye pikipiki na vumbi la siku nzima! Tumia kalamu ya kusafishia au kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya asilimia 99, ile ya famasi ya 70 iko na maji mengi, inaacha madoa. Na kile kifuniko kidogo cha plastiki hakifanyi konekta iwe safi, chenyewe kinaleta uchafu, hata pigteli mpya kabisa ifute.

Kuhusu kuunganisha pigteli yenyewe, juu rafiki yako naona alikufundisha nusu. Pigteli ni uzi mfupi wa faiba, mara nyingi mita moja au moja na nusu, upande mmoja uko na konekta iliyofungwa na kusuguliwa kiwandani, upande mwingine uko uchi, na ule uchi ndio unausude, yaani unauyeyusha kwa cheche ya mashine ushikamane, na kebo inayotoka nje. Faida yake ni hiyo tu: kusugua feruli ni kazi ya kiwanda, huwezi kuifanya vizuri juu ya ngazi na jua linakuchoma. Kitu cha kwanza ingiza slivu, ile mrija ya kulinda, kabla ya kila kitu. Mimi mwenyewe na miaka yangu yote bado nasahau, unamaliza kusude vizuri unatabasamu halafu unaona slivu iko mezani inakuangalia, unakata unaanza upya. Baadaye ondoa koti la maikroni 900, halafu ile rangi ya 250, ubaki na kioo cha 125. Futa kwa alkoholi mpaka kitambaa kilie chwii. Kata kwa kliva, kifaa cha kukatia faiba, na ukishakata USIGUSE wala usifute tena ile ncha, iweke ndani ya mashine bila kuiburuza. Kazi mbaya nyingi zinatoka kwa kliva mchafu au kisu chake kimechoka, watu wanalaumu mashine bure. Ukishasude ivute slivu katikati, ichome, ngoja ipoe ndio uilaze kwenye trei. Mizunguko ya trei isiwe midogo kuliko unene wa chupa ya bia, ukiminya zaidi mwanga unatoka nje kwenye kona na utarudi tena kwa mwenye nyumba kuitwa mwizi.

*Fundi, nilinunua mashine ya kusude ya okazyo, iliyokwisha kutumika. Kila mara inaandika hasara 0.01, lakini mita ikipima inakuta mbaya. Mashine inanidanganya?* — wa Kampemba

Haidanganyi, inakisia. Ile desibeli 0.01 mashine haijapima mwanga wowote, imeangalia picha za nyuzi mbili kwa kamera ikahesabu, kwa hiyo namba ya kweli ni ya mita au OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba na kupima unaorudi. Halafu tafuta kwenye menyu sehemu ya kurekebisha cheche. Lubumbashi iko juu ya bahari mita kama 1,200, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na cheche ya umeme inafuata hewa, joto na unyevu. Mashine nyingi ziko na kipimo cha hewa ndani lakini ya okazyo huwezi jua, rekebisha kila asubuhi kabla ya kazi. Na elektrodi zake, vile vijiti vya cheche, zimeshapiga cheche ngapi? Menyu inaonyesha, zikifika elfu kadhaa zilizoandikwa na kiwanda, badilisha. Kitu kingine hujaniambia, rangi za nyuzi umezifuata vipi? Kebo nyingi zinaanza bluu, chungwa, kijani, kahawia, lakini ziko zenye mpango wa Kifaransa zinaanza nyekundu, bluu, kijani, njano. Ukichanganya hizo mbili unasude vizuri kabisa na nyumba ya jirani.

*Jambo fundi. Sina makuta ya mashine. Hizi konekta za haraka za kubana kwa mkono, naweza kufanyia kazi?*

Unaweza, kwa nyumba moja moja ya mteja. Ndani yake kuna kipande cha faiba na jeli, wewe unakata uzi wako vizuri unausukuma mpaka ukutane nacho, unabana. Hasara yake ni desibeli 0.3 mpaka 0.5 hivi ukiifanya vizuri, kusude kuzuri ni chini ya 0.1. Lakini kliva ya kweli lazima ununue, ukikata kwa wembe usiniandikie barua. Na kwenye kisanduku cha nguzo chenye wateja wengi sitaki kuziona, joto la mchana na baridi ya usiku ya mwezi wa sita zinazichezesha.

*Fundi, miye ni mama wa Ruashi. Bafundi balipita kufunga, baliacha vipande vidogo kama unywele pale uani, mtoto wangu amevichukua. Tena mmoja alimkataza mtoto kuchungulia ndani ya konekta. Ni hatari gani?*

Mama, hapo mafundi wamekosea na wewe uwaambie. Vile vipande ni kioo chembamba kama unywele, vinaingia ndani ya ngozi na havionekani, vikiingia jichoni ni hospitali. Mimi natembea na chupa yenye kifuniko, kila kipande kinaingia humo kabla sijainuka, na meza naweka kitambaa cheusi ili vionekane. Kuchungulia nako usikubali: mwanga wa intaneti hauonekani kwa jicho, mtoto ataona giza adhani hakuna kitu, kumbe jicho linapigwa. Ile nyekundu inayoonekana ni tochi ya fundi ya kutafutia pa kukatika, nayo si ya machoni. Kwa uani usifagie, ufagio unavitawanya tu, chukua skochi pana ubandike ubandue sehemu yote waliyokaa, viatu miguuni. Kikishamwingia mtoto kidoleni mwangazie tochi kwa pembeni, kioo kitameta, kichomoe kwa kibano, usikamue.