Subaru inayogoma kukata kona: soma matairi kabla ya kugusa springi

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Siku za kazi ninaitumia mjini, na mara kwa mara ninaipeleka kwenye uwanja wa mbio wenye lami kwa mazoezi. Kila nikiingia kona ndefu kwa kasi, pua hutoka nje, na usukani hauitikii hata nikiuzungusha zaidi. Fundi wangu ananishauri tukate springi zote nne ili gari likae chini. Je, hiyo ndiyo dawa? (Msomaji wa Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usizikate springi hizo. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi kwa sababu imepoteza mizunguko, lakini huwezi kujua imeongezeka ugumu kiasi gani mpaka uipime, na gurudumu likining'inia springi hiyo inaweza kulegea na kuhama kwenye kikalio chake. Aidha, shokapu hubakiwa na nafasi ndogo ya kubonyea. Ikigota kwenye mpira wake wa kuzuia ukiwa katikati ya kona, ugumu wa mbele hupanda ghafla na tairi la nje huzidiwa papo hapo, kwa hiyo tatizo unalotaka kuliondoa litazidi.

Kwa maelezo yako, ninashuku kwanza mwinamo wa magurudumu ya mbele, ambao mafundi huuita kamberi. Mbele ya Impreza yako kuna mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu yenyewe ndiyo inayolishikilia gurudumu kwa juu. Bodi inapolala kwenye kona, gurudumu la nje hulala nayo, na tairi husimamia ukingo wake wa nje huku sehemu ya ndani ikifanya kazi ndogo sana. Kulishusha gari kupita kiasi hakuitibu hali hiyo. Mkono wa chini unaoshika gurudumu ukishaelekea juu, kila gari linapobonyea zaidi mwinamo unaouhitaji, yaani sehemu ya juu ya gurudumu kuinamia ndani, hupungua badala ya kuongezeka. Vilevile kitovu ambacho bodi huzungukia inapolala hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na wenzo ulio kati yao hurefuka. Ndiyo sababu gari lililoshushwa sana linaweza kulala karibu kama lilivyolala awali, ingawa springi zake ni ngumu zaidi.

Matairi yatakuambia kama ninakisia vyema. Kwanza hakikisha kwamba bushi (mipira ya maungio) na boli jointi (maungio ya duara ya mikono ya magurudumu) ni nzima, kwa maana hakuna kipimo kitakachokaa juu ya bushi iliyochakaa. Kisha endesha mizunguko michache kwa kasi yako ya kawaida, urudi moja kwa moja bila kuyapooza matairi, na upime joto la kila tairi la mbele mahali patatu: ndani, katikati na nje. Tumia kipimajoto chenye sindano inayoingia kwenye mpira, kwa kuwa kile cha mwanga husoma ngozi ya juu tu, ambayo hupoa upesi mno. Ukingo wa nje ukiwa na joto kuliko wa ndani, mwinamo hautoshi. Ninapenda kuona upande wa ndani umezidi kwa nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi. Katikati pakiwa na joto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi. Kwa matairi ya barabarani, anza na PSI 30 yakiwa baridi, kisha upunguze yakipata moto ili yabaki kati ya 34 na 36. Usisahau kuujaza upepo huo kabla ya kurudi nyumbani, kwa sababu matairi yakipoa utashuka.

Marekebisho yenyewe si ya gharama kubwa. Bolti ya juu inayofunga shokapu ya mbele kwenye kitovu cha gurudumu imetengenezwa kwa ajili ya kurekebisha kamberi, nayo itakuondoa karibu na wima. Ukitaka kufika nyuzi 2 hadi 2.5 hasi, yaani za kuinamia ndani, huenda ukahitaji sahani za juu za shokapu zinazosogezwa. Ukishabadilisha kamberi, rudia alaimenti yote, ukiwa umeketi kwenye kiti chako, maana ulekeo wa magurudumu, yaani upande yanakotazama, nao umehama. Mbele ninapendekeza sifuri, yatazame mbele sawasawa, na nyuma magurudumu yatazame ndani kwa jumla ya milimita 1 hadi 2, ili gari litulie unapofunga breki.

Pua ikiendelea kutoka nje, weka stabilaiza nene zaidi nyuma, yaani chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili kupunguza kulala kwa bodi. Ugumu wa chuma hicho hufuata kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha nne, hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 huongeza takriban asilimia 46, ikiwa vyote ni vya chuma kisicho na uwazi na vina umbo moja. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na upime tena joto.

Springi zije baadaye, iwapo joto la matairi limekaa sawa na shokapu bado zinagota. Hapo nunua springi zilizotengenezwa pamoja na shokapu zinazoziweza, na usilishushe gari zaidi ya milimita 25.