Vijana wa fildi, mstari mweusi hautoshi

Nimepitia karatasi za vijana waliotoka kuhesabu samaki kwenye miamba ya Kigombe. Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira. Kila samaki mwenye mstari mweusi kaandikwa Labroides dimidiatus, yule msafishaji anayewala vijidudu walioganda kwenye miili ya samaki wengine, wateja wake. Jamani!

1. Tazameni mdomo. Aspidontus taeniatus, samaki mwingine anayejifanya msafishaji, ana mstari uleule na buluu ileile, na hata ule mchezo wa kumkaribisha mteja anauiga. Ila msafishaji wa kweli mdomo wake uko mbele kabisa. Wa tapeli wake umejificha chini ya pua. Chewa akijiachia asafishwe, ananyofolewa pezi.

Msidhani nilizaliwa nikijua. Msimu wangu wa kwanza Tanga niliwajumlisha wote, nikaenda kwenye mkutano wa wavuvi kifua mbele: mwamba una wasafishaji tele! Picha niliyoipiga mwenyewe ikajaa ukutani. Mzee mmoja akanyoosha mkono, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona huyo mdomo wake kama wa papa?" Nikageuka kutazama. Ulikuwa wa papa kweli. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao, koo limekauka. Matapeli kwa kawaida ni wachache, kwa hiyo huenda hesabu yangu haikupotoka sana, lakini nani angeapa? Kwenye kibao cha kuandikia majini nilikuwa nimeandika jina tu, bila alama ya kwamba nilitazama mdomo. Msimamizi akaifuta safu nzima. Mafuta ya boti yalishaungua, na nahodha alishalipwa.

2. Nendeni wakati wa maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo. Bamvua ikivuruga maji, hata tepu ya kupimia yenyewe hamtaiona.

3. Msining'inie juu ya kituo cha usafishaji, wateja watatawanyika.

4. Wasafishaji wachanga ni weusi wenye mstari wa buluu. Msiwabunie spishi yao.

5. Jinsia muwe nayo makini. Kundi huwa na dume mmoja, ndiye mkubwa, na majike kadhaa. Akitoweka, jike mkubwa huanza ubabe wa kidume ndani ya saa chache, na baada ya wiki mbili tatu ni dume kamili. Binti mmoja wa fildi aliandika "dume hayupo, kundi limekwisha". Nikamrudisha kesho yake, akamkuta jike mkubwa anawafukuza wenzake. Akaniuliza, "Sasa dada, kwenye jinsia nijaze nini?" Nikamwambia aache wazi, ajaze urefu.