Gari Lililolala Miaka: Breki Kwanza, Ufunguo Baadaye

Katika maboma mengi ya magharibi mwa Kenya utakuta gari limesimama chini ya mwembe, magurudumu yamelala chini na nyasi zimepita bampa. Mwenyewe alifariki, au amehamia Nairobi, au yuko ng'ambo, au pesa za matengenezo zilikwisha. Kila baada ya muda anapita mtu na kuuliza bei. Ninamwandikia mtu huyo, pamoja na mwenye boma anayewaza kulifufua gari la nyumbani badala ya kuliuza kama chuma chakavu.

Langu ni Toyota 110, lile toleo la Corolla lililotoka Japani kuanzia 1995. Nililinunua kwa mama mmoja mjane sehemu za Maseno, likiwa halijasogea tangu mumewe alipofariki. Leo ndilo linalonipeleka shuleni na kunirudisha Kisumu. Nikiulizwa siri ni nini, jibu langu huwa moja: usikubali mtu yeyote aliwashe kabla hujahakikisha kwamba likitembea litasimama.

Muuzaji hutaka usikie injini. Hata fundi hutaka, kwa sababu injini ikinguruma kila mtu pale bomani hufurahi na kazi huonekana imekwisha. Jirani analeta betri, nyaya zinaunganishwa, moshi unatoka, na kabla ya jioni mtu ameshalitoa gari barabarani. Maseno iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Tofauti hiyo yote unaiteremka ukipitia Lela na Kisian kabla hujafika mjini. Kwenye mteremko wa namna hiyo injini inayowaka vizuri haikusaidii chochote kama breki zimekufa.

Lakini kabla hujashika spana, shika karatasi. Kwa maoni yangu magari mengi huku kwetu yamelazwa na mirathi kuliko ubovu. Kama logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina la marehemu, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kukuuzia hadi familia ipitie mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Inaanza na barua ya chifu inayotaja warithi, kisha maombi, kisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Kenya ambalo huacha siku 30 za pingamizi. Uthibitisho wenyewe kwa kawaida huja baada ya miezi 6 tangu wasimamizi wa mirathi kuteuliwa. Mama yule alikuwa ameshamaliza hayo yote na aliniwekea hati mezani kabla hata hatujazungumza bei. "Mwanangu, sitaki kesho watoto wa shemeji yangu waje mlangoni kwako," aliniambia. Familia ikikuambia "chukua tu, karatasi zitafuata", waombee heri na urudi karatasi zikiwa tayari. Na hata pale hati zinapoonekana safi, fanya utafutaji wa rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana kuna magari ambayo bado benki au sakko ina haki juu yake.

Baada ya karatasi, lala chini uangalie kutu. Majani ya mwembe hujaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, maji yanakosa njia, yanaingia ndani na kukaa chini ya zulia miaka na miaka. Inua zulia lote, ubonyeze bati kwa bisibisi. Sakafu iliyotoboka kidogo hulehemiwa ikaisha. Lakini kutu ikiwa imekula pale shokamzoba za mbele zinapofungwa, au mihimili ya chini inayobeba gari lote, liache. Injini utapata nyingine. Bodi iliyooza kwenye mifupa hairudi kuwa salama.

Sasa breki, na hapa sitaki mtu aharakishe.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na karibu na ziwa unyevu ni mwingi. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji ya kutosha kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Ukiteremka mlima mguu ukiwa kwenye pedeli, joto linapanda, mafuta yanachemka, na mvuke unajaa kwenye mabomba. Mvuke hubonyea. Pedeli inazama hadi chini na gari linaendelea na safari. Maji hayo hayo huleta kutu ndani ya kaliperi, zile zinazobana diski za breki, na silinda za magurudumu, pistoni zikakwama, hivyo unaweza kuwa na gurudumu moja linaloshika na jingine lisiloshika kabisa.

Gari langu lilikuwa limeegeshwa breki ya mkono ikiwa imevutwa. Shuu za nyuma, vile vipande vinavyosukumwa dhidi ya dramu ili gurudumu lisimame, zilikuwa zimeshikamana na dramu kwa kutu. Ukilivuta kwa kamba gari lililo hivyo, unabandua layini, ile sehemu inayosugua, kutoka kwenye shuu na hujui mpaka siku unayohitaji breki. Dramu za Toyota zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ukiingiza bolti za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, moja kidogo kisha nyingine, dramu hujisukuma nje yenyewe. Fundi wangu alifanya hivyo bila kuambiwa. Kabla yake alikuwa amekuja mwingine na nyundo kubwa, nikamshukuru na kumlipa nauli. Ukitaka kumpima fundi, mpe dramu iliyokwama uone atashika nini kwanza.

Tulibadilisha silinda za nyuma, shuu, padi, na hozi zote za mpira. Hozi usiisamehe kwa sababu inang'aa nje. Ya zamani huvimba kwa ndani, mafuta yakapita kwenda na yasipite kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa na kuunguza. Wakati wa kutoa hewa kwenye mfumo, mwambie anayekanyaga asisukume pedeli hadi sakafuni. Ndani ya mastasilinda, silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki, ikiwa imekaa miaka, ile sehemu ambayo raba haikuwa inafika imejaa kutu, na kukanyaga hadi mwisho kunazikwaruza raba zikaanza kuvuja. Akanyage nusu, aachie, akanyage nusu. Kukanyaga hadi sakafuni kumeua mastasilinda nyingi zilizokuwa nzima.

Kazi hiyo yote ilifanyika Kisumu, kwenye gereji ya jua kali karibu na Kibuye, na gari lilifika pale juu ya lori. Watu waliona ninatupa pesa, wakati jirani ana pikapu na kamba. Gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba kwenye mteremko. Hapo sina mjadala.

Petroli iliyobaki kwenye tanki huwezi kuitumia. Baada ya miezi michache sehemu zake nyepesi huanza kuruka, na baada ya miaka kinachobaki kinanuka kama rangi ya mafuta na kuacha utando wa gundi kwenye pampu na nozeli. Imwage yote. Katika magari mengi ya saluni ya Kijapani pampu imo ndani ya tanki na unaifikia kwa kuinua kiti cha nyuma, kwa hiyo unaweza kuchungulia kwa tochi uone kama kuna kutu. Badilisha filta, safisha tanki, peleka nozeli kwa wenye mashine ya kuzisafisha. Angalia pia bomba dogo la kupumulia la tanki, kwa kuwa nyigu wa udongo hupenda kujenga humo. Likiziba, gari linawaka vizuri kisha linakufa baada ya kilomita kadhaa na fundi anaanza kukubadilishia vitu visivyo na hatia. Na tafadhali sana, kama tanki limetoboka, usimruhusu mtu alilehemu eti kwa sababu limemwagwa. Mvuke wa petroli unabaki ndani ya tanki tupu na hulipuka. Tafuta tanki jingine.

Kwa injini, subira ndiyo kazi. Toa plagi zote, tia oili kidogo kwenye kila silinda, ulale. Kesho yake zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, upande ule ule inakozungukia. Ikizunguka laini, shukuru Mungu. Ikigoma, usiilazimishe; ongeza oili, ngoja tena. Nilipotaka kusaidia kwa kuongeza urefu wa spana, fundi alinishika mkono: "Mwalimu, acha oili ifanye kazi yake. Ringi ikivunjika hapa, tutafungua injini nzima." Tukangoja.

Badilisha oili na filta kabla ya kuwasha, si baada. Badilisha mkanda wa taiming, ule unaooanisha vali na pistoni, hata kama kilomita zake hazijatimia, maana mpira huzeeka ukiwa umekaa. Injini ya 5A iliyo kwenye 110 nyingi haigonganishi vali na pistoni mkanda ukikatika, lakini itazimika papo hapo, na ukiwa mbele ya trela hilo linatosha kuwa balaa. Ukiwa bado umetoa plagi na umekata petroli, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo unarudisha plagi na kugeuza ufunguo kwa mara ya kwanza. Moshi wa mwanzo na maji kwenye ekzosi visikutishe. Kelele ya chuma ikutishe. Ukiisikia, zima mara moja. Usipoisikia, iache izunguke mpaka ipate joto, feni ya rejeta iwake yenyewe, kisha mwaga oili hiyo na uweke nyingine.

Rejeta yenyewe huku kwetu imezoea maji ya bomba, ndiyo maana nyingi zimejaa tope la kutu. Isafishe, uweke kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Betri ya zamani usiifufue. Risasi iliyokaa bila chaji miaka imeganda salfeti, na kulijampu gari kwa betri nyingine kila asubuhi kunachosha oltaneta, ile inayochaji betri. Betri nzuri ikiwa imepumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikizunguka usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kwenye waya, tegemea panya. Langu lilikuwa na kiota ndani ya kasha la filta ya hewa na nyaya zilizotafunwa nyuma ya injini. Mpe kazi hiyo fundi wa waya, si yule wa injini, na ukimwona anaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyoungua, msimamishe. Fyuzi iliungua ili gari lisiungue.

Matairi yanaweza kukugharimu kuliko injini, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kununua ya mtumba. Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho, hata kama meno bado ni marefu. Matairi yaliyosimama na uzito wa gari mahali pamoja yana nyufa ubavuni, na hupasuka kwa mwendo na joto. Kama pesa ni kidogo, acha rangi, acha redio, acha viti. Nunua matairi.

Usilitoe barabarani bila bima. Kampuni nyingi hutoa bima ya mtu wa tatu ya mwezi mmoja, inayotosha kwa majaribio. Jaribu kwenye tambarare za Kano kabla hujafikiria kupanda mlima wa Kiboswa. Endesha polepole, kanyaga breki mara nyingi, shuka uguse kila rimu kwa uangalifu: inayochoma kuliko nyingine ina breki inayong'ang'ania. Tazama chini palipoegeshwa usiku, kwa maana sili zilizokauka huanza kuvuja baada ya gari kuanza kazi. Wiki za mwanzo usibebe familia na usisafiri usiku.

Na kama wewe ndiye unayeondoka na kuliacha gari nyumbani, unaweza kumpunguzia mwenzako kazi yote hii. Logibuku iwe kwa jina lako. Weka oili mpya na mafuta mapya ya breki. Mwaga petroli kama unaondoka kwa miaka. Toa betri, inua gari juu ya mawe imara magurudumu yasiguse chini, acha breki ya mkono wazi. Usimwagize kijana wa nyumbani aliwashe dakika tano kila Jumapili. Injini haipati joto, na unyevu unabaki ndani ya oili na ekzosi. Liweke mbali na mwembe. Ziba ekzosi kwa kitambaa, kisha bandika karatasi kwenye usukani: kitambaa kiko wapi, breki ya mkono imeachwaje, na tarehe oili na mafuta ya breki yalipobadilishwa mwisho.